Kapsuli nyekundu nilizirudisha

Tangu niache nyama, samaki na maziwa, hapa Kisumu kila mtu huniuliza nitaishije bila omena. Niliishi vizuri, ila mwezi wa nane hivi nikaanza kuhema nikipanda ngazi za orofa moja tu. Nikapimwa damu: himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni na inayohitaji madini ya chuma, ilikuwa gramu 10.4 kwa desilita. Mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 kwenda juu.

Duka la dawa la kwanza nilipewa kapsuli nyekundu zinazong'aa, za kuongeza madini ya chuma. Nikafungua karatasi ya ndani pale pale kaunta, herufi ndogo kama mchanga, nikaona gelatini. Hiyo hutoka kwenye ngozi na mifupa ya wanyama. Nikazirudisha. Dada yule wa dukani, Mungu ambariki, akanitafutia tembe za ferasi salfeti za miligramu 200, ambazo chuma chenyewe ni kama 65. Tulihakikisha hazina laktosi, sukari ya maziwa. Lakini zilinifunga choo siku nne mfululizo! Daktari akanibadilishia bisiglisineti, aina nyingine ya chuma, yenye ganda la selulosi itokayo kwenye mimea, na tumbo likatulia.

Kosa langu kubwa lilikuwa chai. Nilikuwa nameza dawa na chai ya rangi, kumbe chai huzuia chuma kuingia mwilini. Sasa nameza na maji ya machungwa ya soko la Kibuye, ambayo husaidia chuma kuingia, chai inasubiri saa mbili. Mboga zetu za kienyeji, osuga (mnavu) na dek (mgagani), nazo nazikamulia ndimu kwa sababu hiyo hiyo.

Jamani, pimeni kwanza kabla ya kununua, maana chuma kikizidi hudhuru ini. Mimi narudi maabara mwezi ujao.