Wapangaji wa bamia

Bamia zangu zimepata wapangaji. Majani ya pembeni yamesokotwa kama karatasi ya muuza karanga. Leo nimefungua moja taratibu kwa kucha, maana limeshonwa kwa nyuzi za hariri zilizokaza kwelikweli. Ndani kulikuwa na kiwavi wa kijani kilichopauka, ngozi nyepesi hadi chakula kinaonekana tumboni, kichwa cheusi, na vinyesi vyake vimejaa. Nilipomgusa alirudi kinyumenyume mbiombio, akajiachia na kubaki akining'inia kwa uzi.

Ni kiwavi wa nondo aitwaye Haritalodes derogata, yuleyule anayewasumbua wakulima wa pamba. Jike hutaga upande wa chini wa jani. Kiwavi mchanga hukwangua hapohapo. Akishapata nguvu ndipo hukunja jani na kuanza kula kuta za nyumba yake, kisha huhamia jingine. Akikaribia kuwa pupa huingia wekundu, na mara nyingi hulala humohumo mpaka atoke nondo wa rangi ya krimu, mabawa yamechorwa mistari ya kahawia inayopindapinda.

Mzee jirani kaniambia, "Mwanangu, piga dawa tu." Nimemwitikia kwa heshima, halafu nikakata majani yaliyokunjwa nikawapa kuku. Dawa humfikia kwa shida aliyejifungia ndani.

Huyu si adimu hata kidogo. Walio adimu ni ndugu zake wa Hawaii, wa jenasi Omiodes: spishi 23 zisizopatikana kwingine duniani. Wapo wa minazi, wapo wa nyasi, na wapo wanaokula migomba, ingawa migomba yenyewe ilifika visiwani kwa mitumbwi ya Wapolinesia. Mmoja, Omiodes accepta, aliingia kwenye mashamba ya miwa, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Waliletwa nyigu wadogo kutoka nje, wa kutaga mayai yao kwa viwavi, ili watoto wao wawale. Nyigu hajui mharibifu wa miwa ni yupi na mkazi wa msituni asiyemdhuru mtu ni yupi. Ikafika mahali zaidi ya nusu ya spishi hizo zikahesabiwa kuwa huenda zimetoweka, na nyigu hao ni miongoni mwa washukiwa wakuu. Chache zimeonekana tena, akiwemo Omiodes continuatalis.

Na yule wa miwa aliyekusudiwa? Bado yupo.