Maneno ya Kiingereza yenye mkia wa -mancy

Miongoni mwa viambishi tamati vya Kiingereza, ninachokipenda kuliko vyote ni -mancy, kwa kuwa anayekijua hufumbua kwa urahisi maneno ambayo hata wazawa wa lugha hiyo huyapita bila kuyaelewa. Asili yake ni manteia ya Kigiriki, yaani uaguzi, nayo imetokana na mantis, mtu anayeagua. Ndiyo sababu mdudu tunayemwita vunjajungu huitwa mantis kwa Kiingereza, maana ukimtazama alivyokunja miguu ya mbele utadhani yumo katika dua. Plato alidai kwamba neno hilo lina udugu na mania, yaani wazimu, na kwamba herufi t ilichomekwa na watu wa baadaye wasiojua uzuri wa lugha.

Sehemu ya kwanza ya neno hutaja kile kinachotumiwa kuagulia. Pyromancy ni kuagua kwa moto, hydromancy kwa maji, chiromancy kwa viganja, oneiromancy kwa ndoto na cartomancy kwa karata. Haya hayana tabu. Ila si kila neno lenye mwisho huo ni la ukoo huu: dormancy, kwa mfano, ambayo ni hali ya mbegu kukaa bila kuota, imetokana na dormire ya Kilatini, kulala, wala haina uaguzi wowote ndani yake.

Lililo karibu zaidi nasi ni geomancy. Kwa kulichambua juu juu ni uaguzi wa ardhi, lakini katika karne ya 12, Hugo wa Santalla alipokuwa akivihamishia vitabu vya Kiarabu katika Kilatini huko Hispania, neno hilo ndilo lililotumika kufasiri ilm al-raml, elimu ya mchanga. Raml hiyo ndiyo ramli yetu. Mpiga ramli huchoma nukta mchangani bila kuzihesabu, kisha hutazama kila mstari kama umetoa witiri au shufwa. Mistari 4 hufanya umbo moja, na maumbo yote yanayowezekana ni 16.

Necromancy, kuwauliza wafu, limetokana na nekros, maiti. Waandishi wa Ulaya katika Enzi za Kati walilisikia kana kwamba lina niger ya Kilatini, yaani nyeusi, wakawa wanaliandika nigromantia, na fikra ya uchawi kuwa sanaa nyeusi ikapata nguvu kutokana na kosa hilo la tahajia.

Hata hivyo, linalonisisimua zaidi ni dactyliomancy, kuagua kwa pete, kwa sababu ya kisa alichokisimulia mwanahistoria Ammianus Marcellinus. Ilikuwa Antiokia, mwanzoni mwa miaka ya 370, katika utawala wa Kaisari Valens wa Dola ya Roma upande wa mashariki. Watu waliotaka kujua nani atamrithi Kaisari waliunda kijimeza cha miguu mitatu kwa vijiti, wakaweka juu yake sahani ya madini iliyochorwa herufi 24 za Kigiriki ukingoni, kisha wakaning'iniza pete kwa uzi mwembamba. Pete ikawa inabembea na kuzirukia herufi moja baada ya nyingine: theta, epsilon, omikron, delta. Hapo mmoja wao akapaza sauti kwamba ni Theodorus, ofisa wa ikulu aliyesifika kwa elimu na tabia njema, na hakuna aliyeona haja ya kuisubiri herufi ya tano. Siri ilivuja, na Theodorus akauawa pamoja na wengine wengi. Mwaka 378 Valens alikufa katika vita vya Adrianople, na mwaka uliofuata kiti cha mashariki kikakaliwa na Theodosius.

Kuna maneno mengine ya jamii hii ambayo nashuku yamefanyiwa kazi zaidi na watunzi wa orodha kuliko na waaguzi. Tyromancy ni kuagua kwa jibini. Artemidorus, bingwa wa kufasiri ndoto wa karne ya 2, aliwaweka waaguzi wa jibini na wa chekecheo katika kundi la waongo, lakini wafasiri wa ndoto akawaacha salama. Mwamba ngoma, bila shaka, huvutia kwake. Mwaka 1546 Mfaransa François Rabelais aliyamwaga maneno ya namna hii kwa kejeli, pale mhusika wake Panurge alipotaka kujua kama akioa mkewe atamsaliti, naye mwaguzi akamtajia njia moja baada ya nyingine, jibini ikiwemo. Tafsiri ya Thomas Urquhart, iliyochapishwa mwaka 1693, iliufikisha mzaha huo kwa wasomaji wa Kiingereza.

Molybdomancy, kinyume chake, ni neno zito la jambo ambalo watu hulifanya kweli. Huko Ufini na Ujerumani, katika mkesha wa mwaka mpya, watu huyeyusha madini kwenye kijiko, huyamimina ghafla katika maji baridi, kisha hubishana juu ya umbo lililotokea. Madini yenyewe yalikuwa risasi au bati, lakini kwa kuwa risasi ni sumu, kanuni za Umoja wa Ulaya ziliviondoa vifaa vyake madukani mwaka 2018, na wengi wakahamia kwenye bati au nta. Kwa nta, neno linabadilika na kuwa ceromancy.

Siku hizi kiambishi hiki kimeanza maisha mapya. William Gibson aliiita riwaya yake ya mwaka 1984 Neuromancer, akicheza na necromancer pamoja na neno la neva. Katika michezo ya kompyuta, pyromancer hausomi moto bali huurusha, na necromancer hana swali lolote kwa wafu. Huwainua na kuwatuma vitani. Maana ya kuagua imebanduka kabisa, na sioni dalili kwamba wachezaji wanaihitaji.