Shibiri mbili na vidole viwili

Siku hiyo mimi na binamu yangu tulichukua chandarua bila ruhusa. Kilikuwa chakavu, bibi alikuwa anakifunikia mchicha wake usiliwe na kuku. Tulishuka nacho ziwani, hapa hapa Igombe kando ya Ziwa Victoria, tukakishika mmoja huku mwingine kule, tukakikokota kwenye maji ya magotini kandokando ya matete. Tulipokiinua, visamaki vilirukaruka ndani kama mvua ya mawe juu ya bati. Tukaanza kugawana kabla hata ya kutoka majini.

Babu alikuwa anarudi kutoka kutegua nyavu. Tulimwita Guku, kama ilivyo kwetu Wasukuma. Alivuta mtumbwi mchangani, akatutazama, akatazama chandarua. Nilijua viboko vinakuja.

"Mwageni majini, upesi. Halafu mmoja aniletee sufuria yenye maji."

Niliporudi alikuwa amemshika sato jike aliye hai bado. Alimwinamisha juu ya sufuria, akambana taya taratibu kwa kidole gumba, na kutoka mdomoni mle vikamiminika vitoto. Vilikuwa vidogo kuliko punje ya mchele, macho mawili meusi na tumbo la njano, na vingine viling'ang'ania ulimi wa mama yao. Tulijaribu kuvihesabu. Tukapita mia moja, tukapoteza hesabu.

Guku akatueleza kwamba sato jike hubeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe, na siku zote hizo hali kitu. Vitoto vikishaanza kuogelea anavileta kwenye matete, kwa kuwa samaki wakubwa hawaingii humo kirahisi. Kikipita kivuli tu, vinakimbilia mdomoni. "Sasa nyie mmekokota chandarua kwenye chumba cha mzazi," alisema. Kisha akaingia majini na nguo zake, akamrudisha yule sato pamoja na watoto wake, akasimama pale muda mrefu akiangalia.

Alipotoka alitusimulia habari za furu, wale samaki wadogo wa ziwani. Ujanani mwake walikuwa hawamaliziki, kila nyumba iliwala. Sangara, anayewala, aliingizwa ziwani miaka ya 1950, na ilipofika miaka ya 1980 furu wa aina nyingi wakawa hawaonekani tena. Niliyasoma hayo baadaye sana, lakini kwanza niliyapata kwake, akiwa amelowa mpaka kiunoni. Hadi leo mtu akiniambia wazee wa ziwani hawakujua thamani ya walichokuwa nacho, naudhika kweli.

Viboko havikuja. Jioni aliniita peke yangu nyuma ya nyumba.

Wiki ile bwana samaki alikuwa amepita mwaloni, pale wavuvi wanapotua samaki, na kutangaza kwamba sangara asiyefika sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa. Wavuvi waliitikia, wakatawanyika. Guku hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, na mbele za vijana asingeuliza.

"Wewe unasoma, mjukuu wangu," alisema, sauti chini. "Hiyo sentimita inakaaje?"

Nikaleta rula yangu ya shule. Alitandaza kiganja juu ya kigoda, nikapima kutoka ncha ya gumba hadi ncha ya kidole kidogo. Ishirini na tatu. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa na mikwaruzo ya nyuzi za nyavu, migumu kama gome. Nikajumlisha kwa sauti: shibiri mbili ni 46, zinabaki nne. Tukapima vidole vyake viwili vikiwa vimebanana. Vilitimia nne kamili.

"Shibiri mbili na vidole viwili," alirudia. Akaleta kasia lake, nikapima, naye akakata alama kwa kisu. Alirudia kupima kwa mkono wake mara tatu, na kila mara ilipofika kwenye alama alinitazama na kucheka bila sauti.

Asubuhi alinichukua mwaloni kabla ya shule. Aliwaonyesha wenzake lile kasia akasema, "Huyu ndiye aliyenipimia." Muda si muda wazee watatu wakawa wamelaza makasia yao mchangani mbele yangu, kila mmoja amenyoosha kiganja akisubiri rula. Wa mwisho alikuwa na mkono mfupi, shibiri yake 21. Yeye ilimtoka shibiri mbili na vidole vinne.