Masaji ya Mawe ya Moto: Yalikotoka na Yanachofanya

Ukiambiwa kwamba masaji ya mawe ya moto ina umri wa maelfu ya miaka, umeambiwa nusu ya ukweli. Watu wa mataifa mengi wamepasha mawe tangu zamani ili kutuliza maumivu, na mawe hutumika pia katika lomilomi, ukandaji wa asili wa Hawaii. Lakini utaratibu unaouzwa leo hotelini, ambapo mkandaji hushika jiwe lililopakwa mafuta na kuchua misuli kwa jiwe lenyewe, ulipata umbo lake mwaka 1993 mjini Tucson, Arizona, kwa mikono ya mkandaji wa Marekani aitwaye Mary Nelson. Mwenyewe alikuwa ameumia kwa sababu ya kazi hiyohiyo ya kukanda, akawa anatafuta namna ya kuipunguzia mikono yake mzigo. Mimi hupenda sana kipengele hiki cha historia, kwa kuwa kitu tunachokiona kuwa anasa ya mteja kilianzia kwenye uchovu wa mfanyakazi.

Jiwe linalopendwa ni basalti, mwamba wa volkano wenye chembe ndogo na uzito wa kutosha, ambao hukaa na joto kwa muda mrefu na, ukishasuguliwa na maji ya mto au bahari, huwa laini kama sabuni iliyotumika. Mkandaji hulitoa kwenye chungu cha umeme chenye maji ya nyuzi 50 hivi za Sentigredi, akalifuta, akalishika kwanza kiganjani mwake, ndipo akaligusisha mgongoni kwa mwendo usiosita. Mwendo huo si madoido, kwani maji ya nyuzi 55 yanaweza kuunguza ngozi ya mtu mzima kwa takriban nusu dakika; ndiyo maana jiwe la kutulia mahali pamoja huwekewa taulo chini yake.

Faida zake ni za kawaida, nami naziamini zaidi kwa sababu hiyo. Joto hutanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi na kulegeza misuli iliyokaza, hivyo mkandaji hahitaji kukandamiza kwa nguvu, na mteja hutulia kiasi cha kusinzia mezani. Maumivu ya mgongo yanaweza kupungua kwa muda mfupi. Wanaodai kwamba mawe hufyonza sumu mwilini wanatafuta wateja tu.

Mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda wamwone daktari kwanza. Ninayemhofia zaidi ni mgonjwa wa kisukari ambaye miguu yake imeingia ganzi, kwa maana usalama wa huduma hii nzima hutegemea mteja kusema mapema kwamba jiwe linamuunguza, naye hana namna ya kulijua hilo.