Treni ya Sebuleni Kwangu

Karibu kila mgeni anayeingia sebuleni kwangu hapa Tabora na kuikuta meza ya treni huniuliza watoto wangu wana umri gani. Simlaumu, kwa kuwa treni za mfano alizozizoea katika filamu na matangazo ya Krismasi ni zile zinazozunguka duara bila kufika popote. Waandishi wa habari nao huzipenda kama kichekesho cha mzee na midoli. Mwaka 2019, mtangazaji wa redio nchini Uingereza alipodokeza kwamba mji wa treni wa mwanamuziki Rod Stewart haukujengwa na mwenyewe, Stewart alipiga simu studio kusema kwamba asilimia 90 ya kazi ile ni yake. Namwelewa kabisa.

Jambo ambalo picha hizo haziligusi ni vipimo, na humo ndimo usiku wangu unamoishia. Kipimo kilichoenea zaidi ni 1 kwa 87, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87, na reli zake za dukani zina upana wa milimita 16.5 kwa sababu zinaiga reli ya Ulaya yenye upana wa milimita 1,435. Reli yetu ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ni ya mita moja, kwa hiyo inadai milimita 11.5 hivi. Atakayeijenga Tabora kwa reli hizo za dukani atakuwa amejenga Ulaya yenye miembe. (SGR, reli mpya yenye upana kama ule wa Ulaya, ikikamilika, wenye haraka watapata nafuu.) Tena, kilomita 1,252 za kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, hata zikigawanywa kwa 87, bado ni zaidi ya kilomita 14, ndiyo maana nimechukua stesheni peke yake, pamoja na mahali njia ya Mwanza inapochepuka. Mabehewa ni ya maboksi ya viatu, na kokoto ni mchanga niliouchekecha kwa chujio la chai.

Mwezi uliopita alipita jirani yangu, mzee mstaafu wa reli. Nilipomwamkia aliitikia bila kunitazama, akavaa miwani, akainama, akagusa kwa ukucha mataruma, vile vipande vinavyolala chini ya reli.

"Mwanangu, mataruma haya umeyafanya ya mbao. Ya kwetu ni ya chuma."

Tangu siku hiyo nayang'oa, moja baada ya jingine, kwa kibano cha nyusi cha mke wangu.