Siku moja maishani mwangu: msomaji wa maombi ya ufadhili

Saa kumi na moja na nusu alfajiri
Naamka kabla simu haijalia. Sina la kusimulia hapa, ila kwamba usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu. Hilo mtaliona mbele.

Saa mbili asubuhi
Kazi yangu ni kusoma maombi ya ufadhili wa masomo na kuyapa alama, 1 hadi 10. Leo yako 40. Anayepata 6 kwenda juu, jina lake linafika kwenye kamati. Aliye chini ya hapo, barua yake haisomwi tena na mtu yeyote. Kwa maneno mengine, mimi ndiye sikio lake la mwisho.

Fomu ina vigezo tisa. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller aliandika kwamba akili hushika kwa mkupuo mmoja mambo kama saba, mawili zaidi au mawili pungufu. Mwaka 2001 Nelson Cowan akaishusha hesabu hiyo hadi karibu manne. Aliyetunga fomu yetu bila shaka alijaliwa kichwa kuliko sisi wengine.

Saa tatu na robo
Ombi la 9. Kurasa tatu, mwandiko umenyooka, picha ya pasipoti imebanwa juu kwa pini. Binti anaeleza jinsi alivyokuwa akijisomea huku akimuuguza mama yake. Nasoma mara mbili. Naandika 8, na moyo wangu umetulia kabisa.

Ile picha imechangia, najua. Small, Loewenstein na Slovic walionyesha mwaka 2007 kwamba watu huchangia zaidi wakionyeshwa mtoto mmoja mwenye jina na sura kuliko wakipewa takwimu za mamilioni. Na ukiwapa vyote viwili, mtoto na takwimu, mchango unapungua. Sura inatugusa, hesabu inatupoza. Nimewahi kuomba picha ziondolewe kwenye mafaili, nikajibiwa kwamba zinasaidia kumtambua mwombaji. Zinasaidia mno, ndiyo shida yenyewe.

Saa tano na dakika hamsini
Kikao saa sita kamili, ghorofa ya juu. Kwenye ngazi namkuta kijana wa masjala amekaa, simu mkononi, macho mekundu. "Pole kaka, narudi sasa hivi," namwambia, nikampita.

Natoka kwenye kikao saa saba kasoro, ameshaondoka.

Kinachoniuma ni kwamba kisa hiki nakijua. Darley na Batson, mwaka 1973, waliwafanyia jaribio wanafunzi wa theolojia pale Princeton. Kila mmoja aliambiwa aende jengo la pili akatoe hotuba, wengine juu ya mfano wa Msamaria Mwema. Njiani palipangwa mtu ameinama mlangoni, akikohoa na kugumia. Wasio na haraka, asilimia 63 walisimama kusaidia. Walioambiwa wamechelewa, asilimia 10. Mada ya hotuba haikuleta tofauti ya maana, na wapo waliomruka yule mtu wakienda kuhubiri habari za Msamaria.

Watu hukisoma kisa hiki wakicheka unafiki wa wanafunzi wale. Mimi leo sikumwona kijana kama mtu mwenye shida nikaamua kumwacha. Niliona ngazi, na mtu kwenye ngazi. Kichwa kilikuwa kimeshajaa kikao.

Saa nane mchana
Nimekula. Tuendelee.

Saa tisa na nusu
Ombi la 31. Nusu ukurasa kwa penseli, pamefutwa na kuandikwa tena mpaka karatasi imetoboka. "Baba hayupo. Mama anafua nguo za watu. Nataka kusoma." Basi. Naweka 4, navuta la 32.

Saa kumi na moja kasoro
Najaza jedwali kwenye kompyuta, hapo ndipo nagutuka. La 9 na la 31 wana kipato kimoja, idadi moja ya wategemezi, na matokeo ya mitihani yanayolingana. 8 na 4.

Mwenzangu wa meza ya pili anachungulia. "Umechoka, dada. Hata majaji huchoka." Anasema ule utafiti wa mwaka 2011 kuhusu bodi za kuwaachilia wafungwa kwa masharti huko Israeli: uamuzi wa kumpendelea mfungwa ulianza karibu asilimia 65, ukashuka kuelekea sifuri kabla ya mapumziko, kisha ukapanda tena. Namkumbusha kwamba wakosoaji walionyesha wafungwa wasio na wakili walikuwa wakisikilizwa mwishoni mwa kila awamu. Na ile nadharia kwamba utashi huisha kama betri, mwaka 2016 maabara 23 ziliirudia kwa watu zaidi ya 2,000, zisipate chochote cha maana.

"Sasa kama si uchovu ni nini?"

Nairudia barua ya penseli na jibu naliona. Fomu inauliza: huyu anahitaji kiasi gani? Saa tisa na nusu mimi nilijiuliza: huyu ameandika vizuri? Swali la pili ni jepesi, likajijibu lenyewe, nami nikaandika jibu lake kwenye kisanduku cha swali la kwanza. Daniel Kahneman na Shane Frederick waliueleza mchezo huu mwaka 2002: swali gumu linabadilishwa na jepesi, na mwenye kichwa hana habari. Sikumwonea mtu kwa makusudi. Nilihisi nimetenda haki ileile ya saa tatu.

Nafunika alama zote mbili kwa karatasi na kumpa mwenzangu asome bila picha. Anatoa 6 na 7. Saba ni ya penseli.

Saa moja usiku
Nimemtafuta kijana wa masjala kwa simu, haipokelewi. Nimeandika ujumbe, nikafuta, nikaandika tena.

Halafu nikamwandikia mwenyekiti anirudishie maombi yote niliyoyasoma alasiri wiki hii.

Jibu limeingia sasa hivi: "Yako 57. Yote?"

"Yote. Ila niletewe asubuhi."