Kupima reli ya Sigi kwa ajili ya modo

Wadau wa modo za treni, yaani treni ndogo za kuiga zile halisi, tuongee upana wa reli. Hii ya Tanga kwenda Moshi ambayo Wajerumani walianza kuijenga 1893 ni mita moja, yaani milimita 1000, na unapima ndani kwa ndani ya vichwa vya reli sio katikati kwa katikati. Ila mi roho yangu ipo kwa kile kireli cha Sigi, kilianzia Tengeni kikapanda milima ya Usambara hadi chini ya kijiji cha Amani kufuata magogo, chenyewe milimita 750 tu, aisee kilikuwa kitamu sana kwenye kona!

Sasa ukijenga kwa 1:87, yaani modo ndogo mara 87 kuliko kitu halisi, gawa 750 kwa 87 unapata kama 8.6, kwa hiyo njia za dukani za milimita 9 zinafaa kabisa, na ile ya mita inatoka 11.5 unatumia za 12. Shida ni mataruma, vile vipande vinavyolazwa chini ya reli, njia nyingi za milimita 9 zimetengenezwa kuiga reli pana zaidi kwa 1:160 kwa hiyo mataruma ni mafupi na yamebanana mno, bora uyang'oe yote upange ya kwako. Ukiwa Tanga kaangalie mataruma ya chuma, ncha zimekunjwa chini zing'ate kokoto, hiyo usiiache.